MBIO NDEFU ZA MLIMANI: MIGUU TAYARI, JE MAPAFU?



Siku hizi mbio ndefu zinapendwa na watu wengi, wake kwa waume. Wako wanaokimbia kilomita 5, wako wanaokimbia 21, na wako waliomaliza marathoni nzima, yaani kilomita 42 na mita 195. Baadhi ya vijana wetu sasa wanataka kukimbia marathoni yao ya kwanza katika njia za miguu za mlimani, huko juu penye baridi na hewa nyepesi. Hilo ni jambo jema. Mazoezi huimarisha moyo, hupunguza hatari ya shinikizo la damu na kisukari, na humpa kijana shughuli ya maana.

Lakini mlima una taratibu zake. Mtu anaweza kuwa bingwa wa kata nzima, na bado mlima ukamlaza. Wako watu waliopoteza maisha katika milima mirefu bila kuanguka na bila kushikwa na njaa. Walijisikia vibaya, wakaona haya kurudi, wakaendelea kupanda. Katika ukurasa huu tutaeleza kwa nini mambo huwa hivyo, mkimbiaji ajiandae vipi, na ni dalili zipi zinazomwambia ageuke bila kubishana.

MBIO ZA BARABARANI SI MBIO ZA MLIMANI

Kwanza tuondoe kosa moja. Marathoni ya Kilimanjaro inayofanyika Moshi kila mwaka hukimbiwa barabarani, mjini na viungani mwake, chini ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Aliyeimaliza amefanya kazi kubwa, lakini hajakimbia juu ya mlima.

Sasa chukua mfano wa njia ya Marangu, kwa kuwa vipimo vyake vinajulikana. Lango la Marangu liko karibu mita 1,870 kutoka usawa wa bahari. Kibanda cha Mandara kiko mita 2,720, na Horombo mita 3,720. Kutoka langoni hadi Horombo na kurudi ni karibu kilomita 40, yaani karibu sawa na marathoni. Lakini ndani ya safari hiyo mtu hupanda mita 1,850 na kushuka mita 1,850. Watembeaji wa milimani wana hesabu yao ya zamani: kwa kila mita 100 za kupanda, ongeza dakika 10. Kwa hesabu hiyo, kupanda peke yake kunaongeza karibu saa 3 juu ya muda wa kwenda umbali huo mahali tambarare.

Tunautaja mfano huu ili kujifunza. Hatumwambii mtu aende kukimbia huko kesho. Ile ni hifadhi ya taifa, na haiingiwi bila kibali.

HEWA NYEPESI NI NINI?

Watu husema, "Juu mlimani hakuna oksijeni." Si kweli. Popote ulipo, pwani au kileleni, katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 21 hivi ni oksijeni. Tofauti iko katika msongamano wake.

Fikiria magunia ya pamba yaliyopangwa ghalani, moja juu ya jingine. Gunia la chini kabisa limekandamizwa na uzito wa yote yaliyo juu yake. Gunia la juu limejaa hewa na ni laini. Ndivyo ilivyo hewa ya dunia. Pwani tuko chini ya rundo lote, kwa hiyo hewa imebanana. Kadiri unavyopanda, uzito wa hewa ulio juu yako hupungua, na hewa hutawanyika. Debe moja la hewa ya Tanga lina oksijeni nyingi kuliko debe moja la hewa ya Horombo.

Ukihesabu hewa ya pwani kuwa 100, penye mita 2,000 oksijeni unayoivuta kwa pumzi moja ni karibu 80. Penye mita 3,000 ni karibu 70. Horombo ni kama 64. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni karibu nusu tu.

Mwili unapokuta upungufu huo hujitetea. Pumzi huenda haraka, na moyo hupiga haraka zaidi. Figo nazo huanza kutoa mkojo mwingi. Baada ya siku na wiki kadhaa, mwili hutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi, ili kubeba oksijeni kidogo iliyopo. Kazi hii haiharakishwi kwa ujasiri wala kwa sala. Inahitaji siku.

SOMO LA MWAKA 1968

Mwaka 1968 michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City, mji ulio karibu mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Mambo mawili yalionekana huko.

Kwanza, mbio ndefu zilipungua kasi. Ron Clarke wa Australia alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1965, kwa dakika 27 na sekunde 39. Huko Meksiko mshindi wa mbio hizo, Naftali Temu wa Kenya, alitumia dakika 29 na sekunde 27. Clarke mwenyewe alimaliza wa sita, akaanguka na kupoteza fahamu, akahitaji kupewa oksijeni. Alikuwa mmoja wa wakimbiaji bora kabisa wa wakati wake.

Pili, watu wa nyanda za juu walifanya vizuri. Marathoni ilichukuliwa na Mamo Wolde wa Ethiopia. Si kwamba wana mapafu ya ajabu. Miili yao ilikuwa imeishi na kufanya mazoezi katika hewa ya namna ile kwa miaka.

Wako wanaotaja rekodi za Mlima Kilimanjaro na kutaka kuziiga. Mwaka 2014 Karl Egloff alipanda hadi kileleni na kurudi chini kwa saa 6 na dakika 42. Kabla yake Simon Mtuy, Mtanzania, alikuwa amefanya hivyo kwa zaidi ya saa 8. Lakini Egloff alikulia Quito, Ecuador, mji ulio karibu mita 2,850, na wote wawili ni waongozaji wa wapanda milima. Kuwaiga katika mbio ya kwanza ni sawa na mtoto wa darasa la kwanza kutaka kufanya mtihani wa kidato cha nne.

KABLA YA KUANZA MAZOEZI, PIMA AFYA

Nenda zahanati au kituo cha afya. Omba mambo yafuatayo:

1. Pima wingi wa damu. Damu ndiyo inayobeba oksijeni. Mtu mwenye upungufu wa damu tayari yuko "mlimani" hata akiwa nyumbani kwake. Kwa kawaida damu isiwe chini ya gramu 13 kwa mwanaume na gramu 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Ikiwa iko chini, tafuta sababu: safura, malaria ya mara kwa mara, hedhi nyingi, au chakula kisicho na madini ya chuma. Tibu kwanza, kimbia baadaye.

2. Ujue kama una selimundu. Mwenye ugonjwa huu asipande milima mirefu, kwa kuwa upungufu wa oksijeni hufanya chembe za damu zijikunje na kuziba mishipa. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu huwa haumwi nyumbani, lakini kukimbia kwa nguvu mahali pa juu kunaweza kumletea maumivu makali ya tumbo upande wa kushoto penye bandama. Azungumze na daktari kwanza.

3. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari aonane na daktari. Mama mjamzito asubiri.

MAZOEZI

Anayeanza marathoni ya mlimani awe tayari ni mkimbiaji. Ajipe miezi minne hadi mitano. Fuata mambo haya:

Kimbia polepole. Kipimo chake ni rahisi: ukikimbia na mwenzako, muweze kuzungumza sentensi nzima. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Siku moja katika wiki iwe ya safari ndefu, na urefu wake uongezwe kidogo kidogo. Siku nyingine mbili ziwe za kupumzika au kazi nyepesi. Kulima shamba siku nzima nako ni mazoezi. Usilime mpaka jioni kisha ukaenda kukimbia kilomita 20.

Jifunze kupanda kwa kutembea. Mwanzoni wengi huona haya. Lakini kwenye mteremko mkali, anayetembea kwa hatua fupi za haraka, mikono ikisukuma mapaja, mara nyingi hufika pamoja na anayekimbia, tena akiwa na pumzi.

Jifunze pia kushuka. Watu wengi hujiandaa kwa kupanda tu. Kumbe kushuka ndiko kunakochana misuli ya mapaja na kutegua vifundo vya miguu. Shuka kwa hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, macho yakitazama hatua kadhaa mbele. Mazoezi machache ya kushuka katika wiki za mwanzo huzuia maumivu mengi siku ya mbio.

Katika wiki mbili za mwisho punguza mazoezi. Mwili hupata nguvu wakati wa kupumzika.

KUZOEA MWINUKO

Hapa ndipo wengi hukosea. Kijana wa Pwani au wa Morogoro mjini hushuka basi leo, kesho yuko kwenye mstari wa kuanzia. Afadhali afike wiki mbili kabla, alale mahali pa mita 1,500 hadi 2,000, na mchana atembee kwenda juu zaidi kisha arudi chini kulala. Kanuni yake ni fupi: panda juu, lala chini.

Kwa anayelala juu ya mita 3,000, kila usiku asiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja bila kupanda. Waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro wana neno lao linalojulikana dunia nzima: pole pole. Neno hilo linawahusu hata wapagazi wapya wanaotoka mabondeni, maana mzigo kichwani hauzuii ugonjwa wa mwinuko.

Ipo dawa ya asetazolamaidi inayousaidia mwili kuzoea. Huandikwa na daktari, na wengine haiwafai. Nayo si ruhusa ya kukimbilia juu.

Acha pombe na sigara katika siku hizo. Pombe hupunguza pumzi usingizini, wakati mwili unapohitaji pumzi zaidi.

SIKU YA MBIO

Nguo. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiacha nyuzi 24 langoni Marangu, tegemea kukuta kama nyuzi 13 Horombo, tena pamoja na upepo na ukungu. Nguo iliyolowa jasho hunyonya joto la mwili. Chukua sweta, koti la mvua, kofia, na soksi kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Jua la juu ni kali hata kukiwa na baridi, kwa hiyo kofia ni ya lazima. Viatu viwe vimeshazoewa na mguu, vyenye meno ya kushika udongo. Kata kucha za miguu siku mbili kabla.

Chakula. Kula saa mbili au tatu kabla: uji mzito, viazi vitamu, ndizi au mkate. Njiani kula kidogo kila nusu saa au dakika 45, hata kama huna hamu. Ndizi mbivu, viazi vilivyochemshwa na chumvi kidogo, na karanga kiasi vinatosha.

Maji. Kunywa unapohisi kiu. Usijilazimishe kunywa lita nyingi, kwa sababu maji ya kupita kiasi huifanya chumvi ya mwilini ichujuke, na mtu huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa. Maji ya chumvi na sukari ya kutibu kuhara yanafaa katika safari ndefu.

Dawa za maumivu. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kabla ya mbio au ukiwa njiani. Figo zilizopungukiwa maji huweza kuharibiwa na dawa hizo. Tena dawa huficha dalili ambayo ingekuokoa.

Mwendo. Sahau saa yako ya barabarani. Aliyemaliza marathoni ya tambarare kwa saa 4, mlimani ajiandae kwa saa 6, 7 au zaidi. Andikisha jina lako kwa wasimamizi, usikimbie peke yako, na chukua tochi na simu yenye chaji.

DALILI ZA HATARI

Ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza juu ya mita 2,500. Mara nyingi hutokea baada ya saa 6 hadi 12 za kuwa juu, kwa hiyo mtu aweza kumaliza mbio akicheka, akaugua usiku akilala huko huko.

Hatua ya kwanza: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula. Mwenye dalili hizi asipande tena hata mita moja. Apumzike. Zisipopungua, ashuke.

Hatua ya hatari ni mbili:

1. Mapafu kujaa maji. Mgonjwa hutweta hata akiwa amekaa. Hukohoa, baadaye hutoa povu lenye rangi ya damu. Kifua huchemka ukisikiliza. Midomo kwa ndani na kucha huwa na rangi ya buluu.

2. Ubongo kuvimba. Mgonjwa huyumba kama mlevi, husema maneno yasiyoeleweka, hukasirika bila sababu, au hulala usingizi mzito. Mpime hivi: chora mstari ardhini, umwambie atembee juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, usibishane naye.

Kwa hali hizi mbili tiba ya kwanza ni moja: KUMSHUSHA SASA HIVI. Usingoje asubuhi. Usingoje mvua iishe. Ashushwe angalau mita 300 hadi 1,000, abebwe ikibidi, afunikwe asipate baridi, apewe oksijeni kama ipo, na asiachwe peke yake hata dakika moja. Kutoka hapo apelekwe hospitali.

Neno moja kwa wanaotoka mabondeni. Malaria nayo huleta kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa. Mtu aliyeumwa na mbu kwao wiki moja au mbili zilizopita huweza kuugulia mlimani. Kwa hiyo mgonjwa apimwe malaria, lakini apimwe chini. Asikalishwe juu akisubiri majibu.

USHUJAA WA KWELI

Kila Mtanzania amesikia habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika marathoni ile ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, misuli ilimbana, kisha akaanguka na kuumia goti vibaya. Akafungwa bendeji, akaendelea. Alifika wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, kwa saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Dunia ilimheshimu, na sisi tunaendelea kumheshimu.

Vijana wengi hujifunza kutokana na habari hiyo kwamba shujaa haachi njiani. Ni somo zuri, lakini lieleweke vizuri. Akhwari aliumia goti, na akili yake ilikuwa timamu. Alijua anachokichagua. Goti linauma, lakini haliui. Mapafu yaliyojaa maji yanaua, na ubongo uliovimba huiba ile akili ambayo mtu angeitumia kuamua. Mgonjwa wa namna hiyo husema, "Mimi mzima, twendeni." Ndiyo maana uamuzi usiachwe kwake. Kabla ya kuanza, wenzi wawili wakubaliane: mmoja akiona mwenzake anayumba, wote wawili wanageuka, na hakuna kulaumiana.

Mlima utakuwepo mwakani. Mkimbiaji aliyegeuka leo atarudi akiwa amezoea, atakimbia, na atamaliza. Nyumbani wanamsubiri mtu, hawasubiri medali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini debe la hewa ya pwani lina oksijeni nyingi kuliko debe la hewa ya mlimani?

2. Kijana wa kijijini kwenu ana upungufu wa damu kwa sababu ya safura, naye anataka kwenda kukimbia mlimani mwezi ujao. Mtamshauri nini?

3. Mwenzako anayumba na anasema ni mzima. Mko mita 3,500, na giza linaingia. Mtafanya nini kwanza?

4. Ni mambo gani kijijini kwetu yanayomfanya mtu aone haya kurudi nyuma hata anapoumwa? Tuyaondoeje?